Raha ya Tanga ilikuwa na king'ora

Kila nikienda Dar es Salaam na kutaja kwamba mimi ni mtu wa Tanga, maneno ni yale yale. Kwanza tabasamu. Halafu, "Aaa, Tanga raha!" Mzaha ukishakolea, yanafuata mengine: watu wa Tanga wavivu bwana, kahawa asubuhi, kahawa jioni, taarabu usiku, ndiyo maana viwanda viliwafia mikononi. Waja leo waondoka leo, na mengineyo. Nimecheka nao miaka mingi, kwa sababu kucheka ni ustaarabu na mara nyingi ndio wanaolipa chai. Lakini hoja yenyewe imekaa kichwa chini miguu juu.

Raha ile wanayoitaja ililetwa na mshahara. Mabaraza, bendi, klabu za mpira, taarabu, hata umbea wetu wa jioni, vilikuwa ni mambo ya watu waliotoka kazini saa inayojulikana na kulipwa siku inayojulikana. Viwanda vilipokufa, mshahara ukaenda navyo, mabaraza yakabaki. Sasa mgeni anaona watu wamekaa, anadhani walizaliwa wamekaa.

Sensa ya 1967 ilikuta mji wa Tanga una watu 61,058. Ukiiondoa Dar es Salaam, hapakuwa na mji mwingine Tanzania Bara uliofika hapo. Mwanza, ambayo leo ni jiji la kutisha kwa ukubwa, haikuwa hata na 35,000. Watu hawakujaa Tanga kwa sababu ya upepo wa bahari. Walifuata mkonge, au waliletwa kwa ajili ya mkonge, na tofauti ya kufuata na kuletwa nitaigusa sasa hivi.

Mkonge si mmea wetu. Asili yake ni Yucatán, Mexico, na wenyewe walikuwa wakiubania usitoke. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dk. Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapitia Hamburg. Ilipofika pwani yetu, iliyokuwa hai ilikuwa 62. Hiyo 62 ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, ikashika, ikazaa, na kutoka pale mabonde ya Muheza, Korogwe hadi Mombo yakageuka safu za majani yenye miiba kama mikuki. Mwaka huohuo wa 1893 reli ilianza kujengwa kutoka bandari ya Tanga. Ilifika Muheza 1896, Mombo 1905, Moshi 1911. Vita vya Novemba 1914, vile vya nyuki, naviruka kwa makusudi. Kila mgeni anasimuliwa jinsi nyuki walivyowafukuza askari wa Mwingereza, na wenyeji tumeshaisimulia mpaka imekuwa kama ndiyo historia yetu yote.

Mimi napenda kuanzia kwa watu waliokata majani.

Mwaka 1942 Wajapani waliposhika Ufilipino na Java, Waingereza na wenzao wakapoteza sehemu kubwa ya kamba zao. Meli haziendi bila kamba. Macho yote yakageukia Afrika Mashariki, na serikali ya kikoloni ikatunga utaratibu wa kuwachukua watu kwa lazima wakafanye kazi mashambani. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kutafuta watu, SILABU, makao yake hapahapa Tanga. Ikawa inasomba watu kutoka Kigoma, Mbeya, Njombe, Songea, hadi Ruanda-Urundi. Hao ndio manamba. Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wao, kutoka upande wa Songea. Alikuja na mkataba, mkataba ukaisha, akaweka mwingine, mwisho akaoa Mbondei na habari ya kurudi ikafia hapo. Mpaka anafariki, Kingoni chake kilikuwa kimebaki cha kuimbia tu.

Babu hakupenda kuhadithia mambo ya mashamba, lakini kitu kimoja alikirudia: kipande. Kilikuwa kadi ya siku 30. Ukifanya kazi yako ya siku, mnyapara anatia alama. Usipomaliza, hakuna alama, na ile siku umeifanya bure. Alama 30 zikitimia ndipo unalipwa. Kwa hiyo mwezi wa babu haukuwa mwezi wa kalenda wala wa mwandamo. Akiugua malaria wiki nzima, mwezi wake ulikuwa na siku 37. Alikuwa akisema hivyo akicheka, lakini alikuwa akiishika ile karatasi kwa namna ambayo watoto tulijua si ya kuchezea.

Ambaye hajaona korona ikifanya kazi, hajui uzito wa mambo haya. Korona ni mashine inayochakata majani, na mashamba yaliyo hai bado yanaitumia. Majani yanakuja kwenye troli yakiwa yamefungwa mafungu ya 30. Jani moja ukilinyanyua unashangaa uzito wake, kwa sababu karibu lote ni maji na nyama. Singa, yaani nyuzi zenyewe, ni kama asilimia 4 tu. Watu wanayatandaza kwenye mkanda, yanaingia ubavuubavu, ngoma lenye visu butu linalipiga nusu ya jani, linashikwa upande wa pili, linapigwa nusu iliyobaki, huku maji yakimwagwa. Upande mmoja unatoka uji wa kijani wenye harufu kali ya uchachu, ambayo ikishaingia kwenye shati haitoki kwa sabuni ya kawaida. Upande wa pili zinatoka singa, nyeupe zenye rangi ya kijani kwa mbali, zinachuruzika. Wanawake wanazibeba mabegani kwenda kuzianika kwenye nyaya, safu hadi safu. Utomvu unawasha. Hakuna anayefanya kazi hiyo bila kujikuna wiki ya kwanza.

Zikikauka zinapigwa brashi, zinachambuliwa kwa madaraja, 3L huku, UG kule, kisha zinabanwa kuwa marobota ya kilo 250 na kupakiwa. Korona inanguruma hivyo mchana kutwa, na hapo nimeongelea waliokuwa ndani ya banda. Mkata mkonge anayeanza kabla ya jua, panga mkononi na miiba machoni, ni habari nyingine.

Watu wa namna hiyo huwezi kuwaita wavivu. Wala huwezi kuwaita wapole. Agosti 1939, vita ikiwa inabisha hodi, makuli wa bandari ya Tanga waligoma, na mgomo ukasambaa mjini. Miaka ya 1950 vyama vya wafanyakazi vilipoingia mashambani, mkoa wetu ulichemka. Shamba la mkonge la Mazinde, 1958, wafanyakazi waligoma kwa wiki nyingi. Kuna wazee wa Korogwe ambao ukitaja Mazinde wanavuta kiti mbele. Madai hayakuwa makubwa ukiyasoma leo: mshahara, kipimo cha kazi ya siku, na haki ya kuwa na kamati yao. Mwenye shamba aliyazoea makelele ya mtu mmoja mmoja. Kilichomtisha ni watu waliojipanga.

Uhuru ulipokuja, serikali mpya nayo haikuwa na raha na watu waliojipanga. Victor Mkello, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa mashambani aliyekuwa pia rais wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, alipelekwa Sumbawanga kwa amri ya serikali Januari 1963, akae huko mbali na watu wake. Mwaka uliofuata, baada ya maasi ya jeshi, vyama vyote vikavunjwa ikaundwa NUTA, chama kimoja chini ya mrengo wa TANU. Mimi nampenda Mwalimu kama Watanzania wengi wa umri wangu tunavyompenda, lakini sura hii hatufundishwi, na inastahili kufundishwa. Tanga iliyopigania kipimo cha kazi chini ya Mwingereza ilinyamazishwa na wenzake. Ukishajua hilo, hushangai kwa nini jiji hili kwenye sanduku la kura limekuwa na kichwa ngumu. Nitarudi hapo.

Turudi mjini kwanza, Ngamiani, ambako mambo ni matamu zaidi.

Ngamiani ni mitaa iliyonyooka, barabara zake zina namba badala ya majina: barabara ya 1, ya 2, na kuendelea. Ukiuliza mtu anakaa wapi, anakujibu "barabara ya 8" na umeshamaliza. Reli ilitenganisha: upande wa bahari ofisi, benki, maduka makubwa na nyumba za wakubwa; upande wa ndani sisi. Nyumba zilikuwa zile za Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, uani choo na jiko, mbele baraza. Mwenye nyumba anakaa chumba kimoja au viwili, vingine anapangisha. Kwenye nyumba yetu walipita mpangaji wa reli, mpangaji wa bandari, mwalimu, fundi cherehani mmoja wa Kidigo, na mama mmoja wa Kimakonde aliyekuwa akisokota kamba kiwandani, wanaume wote wakimwogopa. Watu wa makabila ambayo hayakuwahi kuonana kabla ya mkonge walikuwa wakigombania zamu ya kufagia uani kwa Kiswahili kimoja safi.

Na ni kawaida ya Tanga. Shaaban Robert, ambaye dunia nzima ya Kiswahili inamwita mzee wake, alizaliwa Vibambani, Machui, nje kidogo ya mji, mwaka 1909, na wazazi wake asili yao ni Wayao. Alikuwa karani wa forodha kuanzia 1926 hadi 1944. Watu wanapenda kumuwaza akiwa chini ya mnazi akitazama bahari na beti zikimjia. Alikuwa mtumishi, anaripoti kazini, anahesabu mizigo, anapata mshahara mwisho wa mwezi, kisha anaandika.

Muziki nao ulikuwa hivyohivyo. Jamhuri Jazz ilianza kwa jina la Young Nyamwezi, na jina linakueleza wazi walioianzisha walitokea wapi. Atomic Jazz walikuwa wapinzani wao, na kila nyumba ilikuwa na upande wake. Ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, walipiga na Jamhuri katikati ya miaka ya 60, wakahamia Arusha, wakapita Mombasa, wakaishia Nairobi na bendi yao ya Simba Wanyika, na kutoka hapo baadaye ikamegeka Les Wanyika. Kila ukisikia lile gitaa la mdundo likitambaa chini ya sauti kwenye basi la usiku, jua kwamba mzizi wake uko Tanga. Wakenya watabisha. Waache wabishe.

Taarabu ya Tanga ikawa na yake. Zanzibar walikuwa na vinanda vingi na watu wamekaa kwa adabu zao. Huku kwetu Black Star, na baadaye Lucky Star, walichukua gitaa la umeme, besi na ngoma, wakapunguza watu jukwaani, wakaongeza kasi. Shakila, binti wa Pangani, aliimba na makundi haya kabla ya kwenda Dar es Salaam. Mtindo ule ulivuka hadi Mombasa na hata Burundi. Nadhani haikuwa bahati tu kwamba taarabu ya magitaa ilizaliwa mji huu na si mwingine. Gitaa la umeme na amplifaya ni vitu vya kununua. Klabu ilihitaji wanachama wanaolipa ada ya mwezi, ukumbi unaojaa Jumamosi, akina mama wenye hela ya kutunza. Muziki unataka kipaji, ndiyo, lakini kipaji kiko kila mahali. Sisi tulikuwa na kipaji na hela ya kiingilio.

Nikiwa mtoto, king'ora cha kiwanda ndicho kilichokuwa saa yetu. Kikilia asubuhi, mama anajua chai iwe tayari. Kikilia saa nane mchana, zamu inabadilishana, na barabara inajaa baiskeli. Tanga ni tambarare, baiskeli inakwenda yenyewe, na wakati ule kila mfanyakazi aliyejiheshimu alikuwa na Phoenix yenye dinamo, kengele na kifuniko cha mnyororo. Zilikuwa zinapita kwa mkupuo, kengele zote kwa pamoja, wanaume wenye vumbi la katani kwenye nywele wakionekana wazee kabla ya wakati. Kufikia saa kumi wameoga, wamevaa vikoi na mashati meupe, wameketi. Muuza kahawa anapita na dele lake na vikombe anavyovigonganisha, kashata kwenye sinia. Bao linaanza. Hapo ndipo mgeni wa Dar es Salaam angewakuta na kusema watu wa Tanga hawana kazi. Baba alikuwa ameamka saa kumi na moja alfajiri.

Mwisho wa mwezi ulikuwa sikukuu ndogo. Wauza vitambaa walijua tarehe kuliko wafanyakazi wenyewe. Mkate wa mofa na samaki wa kupaka siku hiyo hata kwetu. Mkwakwani ukijaa kuangalia Coastal Union na African Sports, ilikuwa ni nusu ya mji dhidi ya nusu nyingine, na Jumatatu kazini watu hawasemeshani. Coastal walichukua ubingwa wa ligi 1988. Naikumbuka ile furaha, na ukiitazama sasa ilikuja jioni sana, wakati mashine zilikuwa tayari zimeanza kunyamaza.

Tatizo lilianza mbali. Mwaka 1964 nchi ilizalisha tani zaidi ya 230,000 za mkonge, kiasi ambacho hatujakigusa tena. Wakati huohuo, viwanda vya Ulaya na Marekani vilikuwa vinajifunza kutengeneza kamba za plastiki, ambazo hazinyonyi maji, hazitaki mvua, hazigomi. Bei ya mkonge ikaporomoka. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, na sehemu kubwa ya mashamba ikataifishwa. Ukikaa barazani utasikia kambi mbili. Moja inasema Azimio ndilo lililoua mkonge. Nyingine inasema ni plastiki. Mimi nasema plastiki ilivunja mguu, na sisi tukachelewa kumpeleka mgonjwa hospitali: mashamba hayakupandwa upya kwa wakati, mashine hazikupata vipuri, mameneja wakateuliwa kwa simu. Mwishoni mwa miaka ya 90 uzalishaji ulikuwa kama tani 20,000. Mwaka 1998 serikali ikauza.

Lakini Tanga haikuwa mkonge peke yake, na hapa ndipo pananiuma. Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, 1969 hadi 1974, uliichagua Tanga iwe mmoja wa miji 9 ya kukuzwa kiviwanda ili Dar es Salaam isimeze kila kitu. Wazo zuri, hadi leo ni zuri. Tukapata kiwanda cha nondo, cha sabuni, cha mbolea, na baadaye saruji kule Pongwe. Kiwanda cha mbolea kilianza 1972 na kufungwa 1991. Kilijengwa na kampuni ya Ujerumani Magharibi, pwani, na malighafi zake zilitoka nje kwa meli. Yaani fedha za kigeni zikikosekana, mbolea hakuna. Miaka ya 80 fedha za kigeni zikakosekana. Ungeweza kuliona tangu siku ya kwanza bila kwenda chuo kikuu, lakini aliyetaka kiwanda na aliyetaka kukiuza walishakubaliana.

Kiwanda cha kamba alichofanyia baba kilikufa polepole. Kwanza zamu ya usiku ikaondolewa. Halafu wiki mbili kazini, wiki mbili nyumbani. Halafu likizo isiyo na malipo ambayo haikuwa na mwisho. Hakuna aliyeitisha mkutano na kusema tumefunga. Karatasi za mafao zilizunguka kutoka meza moja hadi nyingine miaka kadhaa; kilichopatikana kilitosha mabati. Wakati huo hapakuwa na Mkello wa kwenda kumuuliza mtu swali. Chama cha wafanyakazi kilikuwepo, kina ofisi, kina muhuri.

Kilichotuokoa ni ng'ombe. Miaka hiyo Waholanzi walikuwa wakisaidia ufugaji wa maziwa mkoani, na watu wengi wa mshahara, au waliokuwa wa mshahara, walifunga ng'ombe wa kisasa uani. Mama alipata mmoja. Baba, aliyekuwa fundi wa mashine za kusokota, akawa mkata majani wa ng'ombe, na ile Phoenix ikabeba madumu ya maziwa. Vyama vya wafugaji hao ndivyo vilivyozaa Tanga Fresh, iliyoanza 1997, na leo maziwa yake unayanywa Dar es Salaam ukiwa unatucheka. Watu waliofukuzwa na mashine walianza upya kwa lita moja moja. Hilo nalo tuliite uvivu?

Sasa siasa. Vyama vingi viliporudi 1992, Tanga Mjini haikuwa ya kubembelezwa. CUF ilipata mizizi Ngamiani na kandokando, na watu wakisema ni kwa sababu ya udini au ukaribu na Pemba, ngome ya chama hicho wakati ule. Ukaribu upo, siukatai. Lakini nimekaa na wapiga kura hao, na wengi walikuwa wanaume wa umri wa baba yangu wenye bahasha za mafao kabatini. Mwaka 2015 CUF ilichukua ubunge wa Tanga Mjini kupitia Mussa Mbarouk. Kwenye uchaguzi wa meya uliofuata, CUF walisema wao ndio wenye madiwani wengi, akatangazwa meya wa CCM, na madiwani wa CUF wakasusia vikao kwa miezi. Jiji likawa na baraza lililogawanyika huku mitaro ikisubiri. Mwaka 2020 jimbo likarudi CCM. Nilichokiona mle katikati ni kwamba hoja ya viwanda, ambayo kila mgombea aliipigia kelele jukwaani, ilipotea kabisa kwenye ugomvi wa nani akae kiti gani.

Na viwanda, au vitu vikubwa kama viwanda, vinakuja tena. Agosti 2017 liliwekwa jiwe la msingi Chongoleani, hapahapa Tanga, la bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443. Bandari imetengenezwa kwa shilingi bilioni 429.1. Zamani meli kubwa ilitia nanga mbali kiasi cha kilomita 1.7, mizigo inashushwa kwenye matishari na kuletwa nchi kavu, kazi inayokula siku na pesa. Sasa kuna gati lenye urefu wa mita 450 na kina cha mita 13, meli inafunga kamba moja kwa moja. Nimeenda kusimama Raskazone kuzitazama na sikuona haya kufurahi. Reli bado. Treni ya abiria ya Dar es Salaam kwenda Moshi ilirudi 2019, inapita Korogwe na kuendelea zake, na Tanga, ambako reli hiyo ilianzia, inasikia habari zake kwenye redio.

Mkonge nao umeanza kuitwa jina lake tena, kwa sababu dunia imechoka na plastiki. Safari hii kuna wakulima wadogo wenye hekari chache wanaouza kupitia vyama vya ushirika. Nina shemeji mmoja huko Korogwe. Kilio chake ni kimoja, foleni ya korona. Jani likishakatwa halisubiri, linanyauka, na korona ni chache, ni za wengine, na zimechakaa. Analima mwenyewe, anakata mwenyewe, halafu anasimama mstarini kama babu alivyosimama kusubiri alama ya mnyapara. Akinisikia nikisema hivyo hukasirika: yeye ana hati, babu hakuwa na hati. Ana haki.

Vijana wa mtaani kwetu waliopata kazi kwenye hii miradi wengi wao ni wa kibarua. Wiki mbili, mwezi, mkataba wa miezi mitatu kupitia wakala. Wanalipwa vizuri kuliko bodaboda, hilo wanalisema wenyewe. Lakini hawawezi kulipa ada ya klabu kila mwezi, hawakopesheki, hawapangi chumba kwa mwaka. Timu za mtaa zinaomba jezi kwa wanasiasa. Kikundi cha taarabu kinapiga kwenye harusi kwa spika za kukodi. Yule mgeni wa Dar es Salaam akipita jioni atakuta wamekaa barazani vilevile, simu mkononi badala ya bao, na atasema tena lile neno lake.

Jambo moja la mwisho, na hili ni ombi kwa wasomaji wa Tanga na waliotoka Tanga. Picha nyingi za mji wetu wa kale zinazozunguka mitandaoni ni za Wajerumani: boma, kituo cha reli, mzungu mwenye kofia. Za manamba ni chache, na za kina mama wa kiwanda cha kamba karibu hakuna. Kama nyumbani kwenu kuna kadi ya kipande, kitambulisho cha kiwanda, picha ya timu ya kazini, stakabadhi ya ada ya klabu, hata ile bahasha ya mafao, msiichome mnapohamisha kabati. Ipigeni picha pande zote mbili, andikeni nyuma jina la mwenyewe, kazi yake na mwaka, kabla hajaondoka anayejua. Kadi ya babu yangu sisi tulikuja kuikuta ndani ya msahafu wa bibi, alama 22 zimetiwa, nane hazijajazwa, na hakuna aliyebaki wa kutuambia mwezi ule aliugua au aligoma.